Mwongozo kamili wa Kusatsu: mji wa maji makali katika milima ya Japani

Japani ina miji mingi ya maji moto, na kila mkoa hujisifia wa kwake. Mtu akiniuliza aanzie wapi, humtajia Kusatsu, kwa sababu moja: pale maji ndiyo bwana, na watu ndio waliojipanga kuyafuata. Yanatoka ardhini yakiwa ya moto kupita uvumilivu wa mwili, na ukali wake ni kama wa maji ya ndimu. Wenyeji wamekataa kwa vizazi vingi kuyapoza kwa kuyachanganya na maji baridi, wakihofia yatapoteza nguvu. Mpangilio wa mji, desturi za kuoga na hata hali ya mto unaoshuka bondeni, vyote vimetokana na msimamo huo. Ukilielewa hilo kabla hujafunga mzigo, safari yako itakuwa na maana zaidi, na utaoga bila kuumia.

Kwanza, yafahamu maji

Kusatsu iko mkoa wa Gunma, kaskazini-magharibi ya Tokyo, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, chini ya volkano ya Kusatsu-Shirane. Mvua na theluji huzama ardhini, zikakutana na joto na gesi za volkano, kisha zikarudi juu zikiwa zimebeba salfa na tindikali. Zaidi ya lita 32,000 huchomoza kila dakika bila kuvutwa na pampu, kiasi ambacho Kusatsu hujivunia kuwa kikubwa kuliko mji wowote wa Japani unaopata maji kwa njia hiyo ya asili. Chemchemi nyingi zina nyuzi joto 50 na kitu. Ile ya Bandaiko, iliyopatikana mwaka 1970 katika uchimbaji wa salfa, hutoa maji ya nyuzi 95 hivi. Joto lake hutumika kupasha moto maji ya kawaida ya mji, na maji moto hupitishwa chini ya baadhi ya barabara za katikati ili theluji isigande juu yake.

Kipimo cha tindikali, yaani pH, ni kama 2. Vijidudu vingi haviishi humo, na ndiyo maana tangu zamani watu wenye maradhi ya ngozi walifunga safari kuja huku. Lakini tindikali haichagui. Msumari wa chuma ukiachwa ndani ya maji haya huliwa kidogo kidogo mpaka ukaisha, na vito vya fedha hugeuka vyeusi kwa sababu ya gesi ya salfa. Basi vua pete, mkufu, bangili na saa, uviache chumbani. Usinyoe siku ya kuoga, kwa maana kila mkwaruzo utauhisi. Maji yakikuingia machoni, yaoshe mara moja kwa maji safi ya bomba.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ngozi iliyochubuka, na mama mjamzito, waonane na daktari kabla ya kusafiri. Aliyekunywa pombe asiingie kabisa. Sifa za tiba za Kusatsu ni za zamani na wenyeji husema huponya kila kitu ila maradhi ya mapenzi, lakini dawa ulizoandikiwa hospitalini endelea nazo.

Historia ya kwenda nayo kichwani

Masimulizi ya mwanzo yanamtaja mtawa Gyoki wa karne ya 8, na mengine yanamtaja Minamoto no Yoritomo, kiongozi wa kijeshi, kwamba alifika mwaka 1193 akiwa katika mawindo karibu na mlima Asama. Hizo ni hekaya za mji, zichukue hivyo. Enzi ya Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, ndiyo iliyoipandisha Kusatsu. Msomi Hayashi Razan aliihesabu pamoja na Arima na Gero kuwa chemchemi tatu bora za nchi, na katika orodha zilizochapishwa kwa mtindo wa madaraja ya wapiganaji wa sumo, Kusatsu ilipewa cheo cha juu kabisa upande wa mashariki, Arima ikipewa cha magharibi. Tokugawa Yoshimune, shogun (mtawala wa kijeshi) wa nane wa enzi hiyo, aliamuru maji ya hapa yatiwe kwenye mapipa na kubebwa mpaka Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Hebu fikiria kazi ya kubeba maji yale kwa njia za milimani! Mahali yalipochotwa pameachwa na alama mpaka leo, katikati ya mji.

Wakati huo mji haukukaliwa mwaka mzima. Baridi ilipokaribia, watu walifunga nyumba na kushuka vijiji vya chini, wakarudi majira ya kuchipua. Desturi hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa karne ya 19.

Kisha akaja Erwin Bälz, daktari wa Kijerumani aliyefika Japani mwaka 1876 kufundisha utabibu na baadaye akawa daktari wa familia ya kifalme. Aliipenda Kusatsu kwa maji yake, hewa yake ya mlimani na maji yake ya kunywa. Alichunguza jinsi wagonjwa walivyooga, akaandika kuhusu hilo kwa wasomaji wa Ulaya, hata akanunua ardhi hapo. Sanamu yake utaiona katika bustani ya Sainokawara, na mji alikozaliwa, Bietigheim-Bissingen, una undugu rasmi na Kusatsu.

Upo upande mwingine wa historia ambao vijitabu vya watalii hupita haraka, na mimi naona ni haki usimame hapo. Kwa kuwa maji yalisifiwa kwa maradhi ya ngozi, wenye ukoma walikuja kutoka pande zote za nchi. Mwishoni mwa karne ya 19 walitengewa mtaa wao, Yunosawa. Wakawa na maduka yao, nyumba za wageni zao na uongozi wao. Mwaka 1916 akahamia huko Mary Cornwall Legh, mmisionari Mwingereza wa Kianglikana, aliyejenga kanisa, shule na zahanati. Lakini sera ya serikali ikawa kuwatenga wagonjwa wote kwa nguvu. Hospitali ya taifa ya Kuryu Rakusen-en ilifunguliwa mwaka 1932 nje ya mji, na Yunosawa ikavunjwa mwaka 1941. Ndani ya eneo la hospitali hiyo palikuwa na jela iliyotumika kuanzia 1938 hadi 1947, ambamo wagonjwa 93 waliotajwa kuwa wakaidi walifungiwa bila kesi, katika vyumba visivyo na moto wakati wa baridi kali. 23 kati yao walifariki. Sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996 tu, miongo mingi baada ya tiba kupatikana, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha katiba. Serikali ikaomba radhi.

Leo kuna makumbusho madogo ya jela hiyo, yaitwayo Jukanbo, yenye vyumba vilivyojengwa upya kwa vipimo vyake halisi. Tenga nusu siku uende. Nenda kwa heshima, kwa kuwa hospitali yenyewe bado ni makazi ya wazee waliobaki.

Kupanga safari

Msimu wa majani kubadilika rangi, mwezi Oktoba, ndio mzuri kuliko yote kwa macho, nao hujaa watu. Januari na Februari ni theluji na baridi chini ya sifuri, na hapo ndipo kuoga nje kunapokuwa na raha isiyo na mfano: kichwa kwenye baridi, mwili kwenye moto. Kwa mtu wa Pwani asiyewahi kuona theluji, ningemshauri aje wakati huo, ila avae viatu visivyoteleza na koti la maana. Majira ya joto hewa ni poa kuliko Tokyo. Epuka wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, pamoja na katikati ya Agosti.

Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza. Anza mapema katika ubalozi wa Japani ulioko nchini kwako, ukiwa na ratiba na uthibitisho wa malazi.

Kutoka Tokyo, panda treni ya haraka iitwayo Kusatsu-Shima katika stesheni ya Ueno. Baada ya saa mbili na nusu hivi unashuka Naganohara-Kusatsuguchi, ambako mabasi husubiri treni, na dakika 25 baadaye uko Kusatsu. Njia ya pili ni treni ya kasi, shinkansen, hadi Karuizawa, kisha basi la zaidi ya saa moja. Ya tatu ni basi la moja kwa moja kutoka Shinjuku, kama saa nne, na kwa kawaida ndilo la bei nafuu. Kata tiketi ya kurudi siku hiyo hiyo unapokata ya kwenda, maana Jumapili mchana viti huisha.

Ukiwa na gari, jua kwamba barabara namba 292 inayopanda kutoka mjini kuelekea nyanda za juu za Shiga hufungwa kwa theluji kuanzia Novemba hadi Aprili. Hata ikiwa wazi, volkano ina kauli yake. Tarehe 23 Januari 2018 Motoshirane, kimojawapo cha vilele vyake, ililipuka ghafla karibu na eneo la kuteleza kwenye theluji, ikamuua askari mmoja na kujeruhi wengine. Ziwa la kijani la Yugama kileleni lilikuwa kivutio kikubwa, lakini njia za kulifikia hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya gesi na tahadhari. Uliza ofisi ya watalii asubuhi ile ile, wala usimsikilize anayekwambia kuna njia ya panya.

Pa kulala

Lala usiku mmoja angalau, na kama unaweza, miwili. Wengi huja asubuhi na kuondoka jioni, wakakosa usiku, ambao ndio Kusatsu yenyewe. Chagua ryokan, nyumba ya wageni ya asili yenye mikeka ya tatami na godoro linalotandikwa sakafuni, iliyo umbali wa kutembea kutoka Yubatake, uwanja wa chemchemi katikati ya mji. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: hodhi zao zinapata maji ya chemchemi ipi, je yanaongezwa maji baridi, na je kuna chumba cha kuogea cha faragha. Nyumba nzuri hujibu bila kusita.

Chakula cha jioni huja kwa awamu nyingi ndogo, na saa yake hupangwa, hivyo usichelewe. Mwislamu aandike mapema wakati wa kuhifadhi chumba: hali nguruwe, wala hataki pombe katika mapishi. Mchuzi wa Kijapani mara nyingi hutiwa mirin au sake, pombe za mchele, hata kama ni wa samaki, kwa hiyo kusema tu kwamba huli nguruwe hakutoshi.

Utapewa yukata, kanzu ya pamba ya kuvaa ndani na hata mtaani. Ukunje upande wa kushoto juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na bibi yeyote mzee atakayekuona atakusimamisha kukurekebisha.

Anzia Yubatake

Ukishaweka mzigo, teremka katikati ya mji. Yubatake ni uwanja wa mvuke ambamo chemchemi hutoa lita 4,000 hivi kwa dakika. Maji hupita kwenye mifereji saba ya mbao, yakapoa polepole kwa hewa, kisha yakaanguka kwa kishindo kwenye bwawa la kijani. Hapa ndipo unapouona ule msimamo nilioutaja: badala ya kuongeza maji baridi, wanayatembeza. Salfa inayoganda kwenye mbao hukusanywa mara kadhaa kwa mwaka, ikakaushwa na kuuzwa. Muonekano wa uwanja wa sasa, pamoja na kuta na njia za mawe, ulibuniwa na msanii Taro Okamoto mwaka 1975, na kwenye nguzo za uzio yamechongwa majina ya watu mashuhuri 100 waliofika Kusatsu.

Pembeni pana bwawa la miguu, la bure. Keti, pandisha suruali, tumbukiza miguu. Mwili utaanza kuzoea.

Mkabala na uwanja kuna ukumbi wa Netsunoyu, ambako wanawake huonyesha yumomi: wanakoroga maji kwa mbao zenye urefu wa karibu mita 1.8, wakiimba wimbo wa Kusatsu kwa mapigo mamoja. Wengine huliona kama onyesho la watalii, nami sikubaliani nao. Ni kazi halisi iliyokuwa ikifanywa na waogaji wenyewe. Kukoroga hushusha joto, hulainisha maji na huupasha mwili kabla ya kuingia. Katika tiba ya zamani ya kuoga kwa muda uliopimwa, watu waliingia kwa pamoja kwenye maji ya nyuzi 47 au 48, wakiongozwa na sauti ya msimamizi, wakatoka baada ya dakika tatu bila kuzidisha. Ukumbini kuna nyakati mgeni huruhusiwa kushika ubao. Jaribu, utaelewa uzito wake.

Namna ya kuoga, hatua kwa hatua

1. Kula kidogo na kunywa maji nusu saa kabla. Usiingie na njaa, wala tumbo likiwa limejaa.

2. Angalia pazia la mlangoni. 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Viatu hubaki nje ya sakafu ya mbao.

3. Vua nguo zote, uziweke kwenye kikapu. Vazi la kuogelea haliruhusiwi. Unaingia na taulo dogo tu, ambalo halitumbukizwi majini. Liweke kichwani au pembeni. Simu inabaki kwenye nguo, bila mjadala.

4. Kaa kwenye kigoda, jisugue kwa sabuni, jisuuze mpaka povu liishe. Hodhi ni ya kujiloweka, na maji yake ni ya wote. Katika nyumba ndogo za kuogea za mtaani hakuna bomba la kuogea, na sabuni haitoi povu kwenye maji yenye tindikali, kwa hiyo jisafishe kabisa kwenye ryokan kabla ya kwenda.

5. Chota maji ya hodhi kwa kata au beseni, ujimwagie: miguuni kwanza, kisha mapajani, mabegani, mwisho kichwani. Mara kumi hazizidi. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia kizunguzungu.

6. Ingia taratibu bila kurusha maji. Mara ya kwanza dakika moja hadi tatu zinatosha. Tulia, ukichezacheza, maji huchoma zaidi.

7. Toka, keti pembeni mpaka pumzi itulie, rudi tena ukitaka. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Kuoga mara nyingi kwa siku huleta uchovu, kichefuchefu na ngozi kuwaka.

8. Jikaushe kabla ya kurudi chumba cha nguo. Wenyeji huacha maji yakauke mwilini bila kusuuza, lakini mwenye ngozi laini asuuze kwa maji ya kawaida. Kisha kunywa maji, ulale kidogo.

Kuhusu michoro ya mwili, kila nyumba ina sheria yake. Uliza kabla ya kulipa.

Najua wasomaji wengi watasita kwenye hatua ya tatu. Kuvua mbele ya wengine, hata wa jinsia moja, si jambo letu, na kwa wengi dini hairuhusu. Hilo lisikunyime Kusatsu. Kodi chumba cha kuogea cha faragha kwa saa moja, au chukua chumba cha kulala chenye hodhi yake, mke na mume waoge kwa amani. Maji ni yale yale.

Mpangilio wa kuzunguka hodhi

Wageni wengi hukimbilia nyumba ya kuogea ya Shirahata kwa sababu ni ya bure na iko kando ya Yubatake. Mimi nakushauri uiweke mwisho. Anza na Otakinoyu, ya kulipia, yenye hodhi zinazopanda joto hatua kwa hatua, kuanzia nyuzi 38 hivi hadi 46. Pale mwili hujifunza. Kisha nenda Sainokawara: unapita bustani ambamo vijito vya maji moto hukatiza kati ya mawe, yenye sura ya ukiwa ambayo Wajapani waliihusisha na mto wa roho za watoto, na mwishoni unakuta hodhi ya wazi yenye ukubwa wa karibu mita za mraba 500, misitu ikiizunguka. Nenda asubuhi mapema au baada ya giza.

Baada ya hizo mbili ndipo uende Shirahata. Ina hodhi mbili, na ile wanayoiita ya vuguvugu bado ni moto. Chiyonoyu na Jizonoyu nazo ziko wazi kwa wageni bila malipo. Nyumba nyingine ndogo za kuogea mitaani ni za wakazi. Usiingie, hata ukikuta mlango haujafungwa. Gozanoyu, yenye hodhi moja ya mbao na nyingine ya mawe, ifanye ya jioni ya kuaga.

Fuata mto kabla ya kuondoka

Maji yote hayo huishia mto Yukawa, na zamani yaliua kila kitu njiani. Samaki hawakuishi, mashamba hayakumwagiliwa, saruji ya madaraja ililiwa, na mto Agatsuma uliokuwa ukiyapokea ukaitwa mto wa kifo. Tangu mwaka 1964, kituo kilichoko chini ya mji humimina chokaa iliyokorogwa na maji mtoni, usiku na mchana, bila likizo. Tope linalotokana na hapo hutuama nyuma ya bwawa la Shinaki, na ziwa lake ni la kijani cha ajabu. Kituo kiko umbali wa kutembea kutoka katikati ya mji, na unaweza kuona chokaa nyeupe ikiingia mtoni. Watalii wachache hufika, nami naona ni kivutio sawa na Yubatake.

Ukipita madukani, nunua mayai yaliyopikwa kwa joto la chemchemi, kiini kimeshika na ute bado laini. Waliofika ziwa Bogoria na kuchemsha mayai kwenye chemchemi zake watayatambua. Nunua pia manju, keki ndogo za mvuke zenye maharage matamu, ambazo wauzaji hukupa uonje zikiwa moto. Ukichukua pakiti ya unga wa salfa kwa ajili ya kuoga nyumbani, usiutie kwenye sinki la chuma wala mashine ya kupasha maji, utaviharibu.

Basi la kurudi stesheni huanzia kituo kikuu, juu ya mji. Kutoka Yubatake ni kupanda mlima kwa dakika tano, zaidi ukiwa na mzigo na barabara ina theluji. Ondoka mapema.